Uwanja wa Ndege wa Svalbard: Tathmini ya Mtu Aliyezoea Kungoja Manda

Kwa zaidi ya miaka kumi na tano kazi yangu imekuwa kungoja ndege. Husimama kivulini katika uwanja wa Manda, kisiwa jirani cha Amu, yaani Lamu, pwani ya Kenya, nikiwa na kibao chenye jina la mgeni, humpokea, humchukulia mizigo, kisha humpeleka gatini na kumvusha kwa boti mpaka Shela au Amu mjini. Mtu wa kazi hii hujifunza kuupima uwanja wa ndege kwa kipimo kisicho cha abiria. Hatazami sana vioo na marumaru. Hutazama jinsi mtu anayengoja anavyopewa habari, na jinsi mzigo unavyofika mkononi mwa mwenyewe. Ndicho kipimo nilichokwenda nacho mwaka huu, baada ya Idi, nilipoalikwa na mtoto wa ndugu yangu anayefanya kazi ya jikoni katika hoteli moja ya Longyearbyen, mji wa wachimba makaa ya mawe ulioko katika visiwa vya Svalbard, kaskazini mno ya Norway bara, kwenye latitudo ya digrii 78.

Nianze na jambo litakalomwokoa msomaji fedha na fedheha, nalo ni viza. Svalbard yenyewe haimdai mtu yeyote viza. Visiwa hivyo viko chini ya mamlaka ya Norway kwa mkataba uliotiwa saini Paris tarehe 9 Februari 1920, ambao uliwapa raia wa nchi zote zilizoutia saini haki sawa ya kuishi na kufanya biashara huko, na Norway kwa desturi haiwabagui hata wa nchi nyingine, mradi mtu aweze kujilisha na kujilipia makazi. Ndiyo sababu mji wenye watu wapatao 2,500 una Wathailandi na Wafilipino wengi, na ndivyo kijana wetu alivyopata nafasi. Lakini ndege za ratiba hutokea Norway bara, na huko mtu mwenye pasipoti ya Kenya hapiti bila viza ya Schengen, yaani ya lile kundi la nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka baina yao. Zaidi ya hayo, Svalbard iko nje ya eneo la Schengen, kwa hivyo kwenda huko ni kutoka, na kurudi ni kuingia upya. Anayepewa viza ya kuingia mara moja tu ataingia Oslo kwa furaha, atatoka kwenda Svalbard kwa furaha, kisha atakuwa ameshaitumia viza yake na hana njia ya kurudi. Omba viza ya kuingia zaidi ya mara moja, na ueleze sababu katika barua ya maombi.

Safari ya kutoka Manda hadi Nairobi, na kutoka Nairobi hadi Oslo kupitia Istanbul, haina la kusimulia isipokuwa kosa moja nitakalolirudia mbele. Kutoka Oslo ni karibu saa tatu angani kwa ndege inayokwenda moja kwa moja. Yangu ilitua kwanza Tromsø, abiria wote tukateremshwa tukiwa na pasipoti, tukagongewa mihuri ya kutoka, kisha tukarudi katika ndege ile ile na viti vile vile. Mzee mmoja wa Kinorwe aliyekaa karibu nami alikuwa ameacha kofia yake kitini kama mtu aliyekwenda kutia udhu akarudi safuni, na hakuna aliyeigusa.

Kutua ndiko kunakostahili nauli. Baada ya muda mrefu wa bahari ya kijivu yenye mabamba ya barafu, milima hujitokeza ghafla, nayo si milima ya ncha kama nilivyotarajia. Mingi ina vilele bapa, mithili ya dari za nyumba zetu za kale za mawe, na kwenye mbavu zake theluji imekaa kwa matabaka, mstari mweupe na mstari wa mwamba, mstari mweupe na mstari wa mwamba. Ndege huingia katika ghuba kubwa iitwayo Isfjorden, milima ikiwa pande zote, ikashuka mpaka mtu aonapo maji pembeni mwa bawa na kudhani kuwa rubani ameamua kutua baharini. Sisi wa Manda tumezoea kutua maji yakiwa karibu, lakini kwetu maji hayo yana mikoko na mashua; huko yana vipande vya barafu, na upande wa pili wa njia ya kurukia umesimama mlima Platåberget kama ukuta wa ngome.

Uwanja wenyewe umekaa kwenye kijirasi kilicho kati ya mlima huo na bahari, mita 28 tu juu ya usawa wa maji, na njia yake ina urefu wa karibu kilomita mbili na nusu. Ndio uwanja ulioko kaskazini kuliko vyote duniani vinavyopokea ndege za abiria za ratiba. Ulifunguliwa rasmi mwaka 1975 na Mfalme Olav wa Tano. Kabla ya hapo, bahari ilipoganda kuanzia mwanzo wa baridi hadi karibu Mei, mji ulikuwa umefungwa: hapakuwa na meli wala barabara, na ndege chache zilizothubutu zilitua juu ya ardhi iliyoganda katika bonde la Adventdalen. Mchimba makaa aliyefika na meli ya mwisho alijua kuwa haondoki tena mpaka barafu ivunjike. Nilipoelezwa hayo niliwakumbuka wazee wetu waliokuwa wakingoja pepo za kusi ziwatoe Amu na kaskazi iwarudishe, ila wao hawakungojea gizani, maana huko jua huzama mwishoni mwa Oktoba na halionekani tena hadi katikati ya Februari.

Kuna jambo la kiufundi ambalo sikulijua na ambalo lilinifanya niutazame uwanja kwa heshima. Ardhi ya Svalbard imeganda daima, kwa kina kirefu, na ni tabaka la juu tu linaloyeyuka wakati wa kiangazi na kuganda tena. Kila linapoyeyuka na kuganda, hujikunja na kuvimba, na lami iliyo juu yake hupanda na kushuka. Njia ya kurukia imelazimika kufanyiwa matengenezo mara kwa mara tangu ilipojengwa, na sehemu zake zimewekewa tabaka la kuzuia joto lisipenye chini ya lami. Kwa kuwa hali ya hewa ya huko inazidi kupata joto, kazi hiyo haipungui. Nyumba za mjini nazo zimesimamishwa juu ya nguzo ili joto la watu wanaoishi ndani lisiyeyushe ardhi inayozibeba.

Milima hiyo pia ina kumbukumbu nzito. Tarehe 29 Agosti 1996, ndege ya Kirusi aina ya Tupolev Tu-154 iliyokuwa ikiwaleta wachimba makaa na familia zao, kwa ajili ya migodi ya Kirusi ya Barentsburg na Pyramiden, iligonga mlima Operafjellet ilipokuwa ikikaribia kutua, na watu wote 141 waliokuwamo wakafariki. Ndiyo ajali ya ndege iliyoua watu wengi zaidi katika ardhi ya Norway. Ninaitaja kwa sababu inaeleza tabia niliyoikuta uwanjani, ambayo mgeni anaweza kuidhani ni ubaridi wa moyo: rubani akisema haendi, hakuna anayepandisha sauti.

Ndege haziegeshwi kwenye mlango wa jengo. Unateremka ngazi na kutembea kwa miguu hadi ndani, kama Manda, ila siku ile ilikuwa digrii 17 chini ya sifuri na upepo ulikuwa ukitoka bondeni. Hatua kama mia hivi zilinitosha kuelewa kuwa koti nililolinunua Nairobi lilikuwa koti la Nairobi. Pua ilikauka ndani, machozi yakanitoka, na nilipoyapangusa nilikuta kope zimeanza kushikana.

Ndani ni ukumbi mmoja wa kupokelea mizigo, wenye joto zuri, na katikati ya ukanda wa mizigo amesimama dubu mweupe. Ni dubu wa kweli aliyekaushwa na kujazwa, na masanduku ya watu hupita yakizunguka miguu yake. Watoto hupiga kelele, watu wazima hutoa simu. Mimi nilikuwa nimesimama nikimtazama dubu, dubu akinitazama, masanduku yakapungua, yakabaki mawili, likabaki moja, kisha ukanda ukasimama. Langu halikuwamo.

Hapa ndipo penye lile kosa. Tiketi zangu zilikuwa mbili, moja ya kufika Oslo na nyingine ya kutoka Oslo kwenda mbele. Karani wa kampuni iliyonichukua kutoka Nairobi aliniambia, bila kusita na bila kutazama mahali popote, kwamba begi litanikuta mwisho wa safari na nisishughulike. Nikamwamini. Nilipokitoa kibandiko mfukoni mbele ya yule dubu, kilikuwa kimeandikwa herufi tatu kubwa, OSL, wala si LYR ambayo ndiyo alama ya Longyearbyen. Mimi, ambaye kila juma humwambia mgeni anayeondoka Manda akisome kibandiko chake kabla hajakitia mfukoni, nilikuwa nimevuka nusu ya dunia nacho bila kukisoma. Ndani ya begi hilo mlikuwa na sweta mbili nilizoazimwa, viatu vizito, bizari za nyumbani, achari ya embe, na kilo mbili za halua iliyofungwa kwa mikono ya shemeji yangu kwa ajili ya mwanawe.

Nilikwenda kwenye dawati nikiwa nimejiandaa kusikia maneno ninayoyajua kwa moyo, kwa sababu nimeyasikia yakiambiwa wageni wangu katika viwanja mbalimbali kwa miaka mingi: ngoja kidogo, litakuja, tutawasiliana. Mwanamke aliyekuwepo alikitazama kibandiko, akaandika kwa muda, akanyanyua uso na kunipa maelezo matatu mafupi. Begi liko Oslo. Kwa kuwa tiketi ni mbili, si haki yangu kisheria kuletewa bure, lakini ataomba. Kesho halitafika, kwa sababu ombi lazima lipite mikono miwili. Kesho kutwa huenda likafika, na ikiwa halitafika nitapigiwa simu kabla ya saa kumi jioni ili nisije uwanjani bure. Sikufurahi kusikia hivyo, lakini nilitoka nikijua nilale vipi. Kesho yake simu haikulia kwa kuwa haikuhitajika kulia. Kesho kutwa ililia saa saba mchana, nikaambiwa begi liko dubuni. Ndivyo alivyosema, dubuni, au ndivyo nilivyoitafsiri mimi.

Kitu cha pili kilichonishangaza ni basi. Kila ndege inayotua hukutwa na basi nje ya mlango, nalo hupita katika hoteli za mjini moja baada ya nyingine. Nilichukua muda mrefu pale dawatini, na nilipotoka nilitarajia kuona moshi wake tu. Lilikuwa limesimama, limejaa, dereva ameegemea usukani, na hakuna abiria aliyenikunjia uso. Dereva alisema kwa upole kwamba basi huondoka mtu wa mwisho anapotoka. Kijana wetu alikuwa amepanda ndani kunilindia kiti, na mikononi alikuwa na jaketi jekundu kubwa kama godoro. Nilitaka kumkumbatia.

"Ami, vaa hili kwanza," akasema. "Salamu baadaye."

Mbele ya jengo kuna nguzo yenye vibao vya umbali wa miji ya dunia, na kando yake alama ya pembetatu yenye picha ya dubu mweupe, na chini yake maneno ya Kinorwe yenye maana kwamba onyo hili ni kwa Svalbard yote. Si pambo. Anayetoka nje ya makazi anatakiwa awe na njia ya kumfukuza dubu, na wengi hubeba bunduki. Siku ya kuondoka nilimwona kijana aliyenitangulia akikabidhi bunduki yake ndani ya sanduku refu, karani akaikagua kama vile kwetu mtu anavyokabidhi kapu la samaki wabichi.

Njia ya kutoka uwanjani kwenda mjini ni fupi, dakika kumi hivi, lakini ndani ya dakika hizo historia yote ya mji hupita dirishani. Juu mlimani kuna mlango wa saruji uliochomoza kwenye theluji: ni hifadhi ya mbegu ya dunia iliyofunguliwa mwaka 2008, ambamo zimo hata mbegu zilizotoka Kenya. Chini, baharini, kuna gati la kupakilia makaa. Kisha huanza kuonekana nguzo za mbao, zimesimama mbilimbili katika safu inayopanda mlimani, nyingine zimeinama kama walevi. Ni nguzo za waya zilizokuwa zikibeba ndoo za makaa kutoka migodini hadi gatini. Mji ulianza mwaka 1906, pale kampuni ya Mmarekani John Munro Longyear ilipoanza kuchimba, na jina lake ndilo lililobaki. Neno byen kwa Kinorwe ni mji, kwa hivyo Longyearbyen ni mji wa Longyear. Mwaka 1916 migodi ikanunuliwa na Wanorwe.

Nguzo hizo haziruhusiwi kung'olewa. Kwa sheria ya huko, kila alama ya kazi ya binadamu ya kabla ya mwaka 1946 inalindwa, hata kama ni msumari uliooza au ubao uliodondoka. Mtu wa Amu, ambaye mji wake uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001 na ambaye hawezi kubadili mlango wa mbele bila kuulizwa, atatabasamu hapo. Tofauti ni kwamba sisi tumehifadhi nyumba tunamolala bado, na wao wamehifadhi vyombo vya kazi iliyokwisha. Mgodi wa mwisho wa Wanorwe, Mgodi namba 7, ulifungwa mwaka 2025. Kituo cha umeme cha mji kilikuwa kimeacha kuchoma makaa tangu Oktoba 2023 na kuhamia dizeli. Warusi peke yao, kule Barentsburg, ndio wanaoendelea kuchimba, na hakuna barabara ya kufika huko. Ni chombo cha baharini, helikopta au pikipiki ya theluji.

Nitoke njiani kidogo, kwa sababu siwezi kuandika neno makaa ya mawe nikiwa Lamu nikalipita kimya. Tulibishana juu ya makaa kwa miaka, nyumbani, misikitini na mabarazani, kwa ajili ya mradi wa umeme wa megawati 1,050 uliokusudiwa kujengwa Kwasasi, mpaka tarehe 26 Juni 2019 Mahakama Maalumu ya Kitaifa ya Mazingira ilipobatilisha leseni yake. Katika miaka yote hiyo ya mabishano sikuwahi kukishika kipande cha makaa ya mawe. Kijana wetu anacho kimoja dirishani mwa chumba chake. Ni chepesi kuliko nilivyodhani, kinameta kama mgongo wa mende, na ukikishika mara moja tu weusi unabaki katika mistari ya vidole mpaka sabuni ya pili. Nilipouona weusi huo niliielewa desturi iliyonifurahisha kuliko zote za mji ule: mtu huvua viatu mlangoni, hotelini na hata katika jumba la makumbusho, kwa sababu wachimbaji walizoea kuacha vumbi la makaa nje. Mgodi umefungwa, viatu bado vinavuliwa. Katika mambo ya mlangoni nilijiona niko kwetu. Katika jambo la paka sikujiona kwetu kabisa, maana huko paka wamepigwa marufuku ili kuwalinda ndege, na mtu aliyelelewa Amu akimaliza siku nzima bila kupishana na paka hata mmoja hupata wasiwasi kwamba pana jambo baya limetokea.

Nirudi uwanjani, kwa kuwa uwanja hujulikana siku ya kuondoka.

Ndege yangu ilikuwa ya mchana. Asubuhi upepo ulianza kuvuma ukikata njia ya kurukia kwa upande, na theluji ikawa hainyeshi kutoka juu bali inapita, kama vumbi la barabara ya Mokowe nyuma ya lori. Tulifika uwanjani saa tano. Ukumbi wa kuondokea ni mdogo, viti vinajaa upesi, na kwenye duka la vitafunio kahawa moja na andazi moja lenye mdalasini vilinigharimu fedha ambazo hapa Mkomani zingewalisha watu wanne mahamri kwa mbaazi na chai juu yake. Kahawa, kwa haki, ilikuwa nzuri. Andazi lilikuwa tamu lakini kavu, na mtu aliyezoea nazi hataliota usiku.

Kilichonifanya niandike tathmini hii ni saa nne zilizofuata. Kila baada ya nusu saa, bila kukosa, sauti ilitangaza kwa Kinorwe na kwa Kiingereza upepo una nguvu gani, kikomo cha ndege hiyo ni kipi, na habari itakayofuata itatolewa saa ngapi. Mara mbili habari ilikuwa kwamba hakuna jipya, na hata hilo lilitangazwa kwa saa yake. Ndege ilikuwa imekwishatoka Tromsø, tukaambiwa. Ndege iko juu yetu inazunguka, tukaambiwa, na watu wote wakatazama dari kana kwamba wangeiona. Kisha tukaambiwa imerudi Tromsø, na kwamba hakuna safari siku ile. Sikusikia mguno. Watu walisimama, wakachukua makoti, wakaenda kwenye basi, nalo lilikuwa limesimama mlangoni. Nimeyaona mawingu ya masika yakiifunga Manda, na nimeziona kampuni zikiwaacha wageni wangu kwenye viti mpaka magharibi kwa neno moja tu la "inakuja". Mvua haikuwa ikiwaudhi. Walioudhika, waliudhiwa na lile neno.

Katika kungoja huko adhuhuri iliingia. Sikuona chumba cha kuswalia, na udhu niliutia kwenye sinki la msalani, nikipanda mguu mmoja mmoja huku Mjerumani mmoja akijifanya hanioni. Niliomba kona moja karibu na dirisha, mfanyakazi akanisogezea kitoroli cha mizigo kiwe kizuizi mbele yangu. Nikasimama, nikajikuta siwezi kuanza. Kwetu pwani kibla na kaskazini ni neno moja. Nahodha akisema pepo za kibla, kila mtu anajua zinatoka wapi. Maisha yangu yote nimeswali nikielekea kaskazini. Huko, Makka iko kusini, ikielekea kidogo mashariki, na mwili ulikataa. Niliitazama dira ya simu mara tatu, nikaupa mgongo upande niliouelekea tangu utotoni, nikatia nia.

Kesho yake kulikuwa shwari, milima imechongeka kwa mwanga, na mchana ulikuwa umerefuka tena kwa zaidi ya robo saa kuliko juzi, maana mwezi wa Machi jua la huko huongeza saa zake kwa pupa. Kwa anayetaka kwenda, huo ndio wakati ninaoupendekeza: giza limekwisha, jua lisilozama halijaanza, kwa kuwa huanza baada ya tarehe 20 Aprili, na barafu bado inabeba. Asipange ndege ya kuunganisha Oslo siku hiyo hiyo. Aweke usiku mmoja katikati, ahesabu kuwa ni sehemu ya nauli. Nguo nzito azivae mwilini, asizitie begini. Na kama anapeleka halua, ajue kuwa hufika ikiwa ngumu kama kigae. Tuliikata kwa kisu kilichopashwa moto jikoni mwa hoteli, na wapishi wawili wa Kifilipino waliisifia sana bila kutuuliza ni nini.

Dawatini alikuwapo yule yule mwanamke wa siku ya kwanza. Sijui kama alinikumbuka mimi au alilikumbuka begi. Alikivika kibandiko kwenye mkono wa begi, lakini kabla ya kulisukuma kwenye ukanda aliligeuza upande wangu, akaweka kidole chini ya zile herufi tatu, OSL, akasema kwamba pale Oslo nitalichukua mwenyewe na kulipitisha forodhani, kisha akanyamaza, kidole kikiwa bado pale pale, akangoja mpaka nilipokisoma kwa sauti.